Pati Ishirini na Nne za Choo

Bilhah Nyambeki alikuwa na mikono miwili mipana, yenye nguvu za kuchimba shimo la futi sita kabla chai ya saa nne haijachemka, na kila mtu kuanzia Kapkatet mpaka Sigowet alijua kwamba mikono hiyo haionekani. Akifika kwenye mkutano wa chama cha akina mama, cha kwanza alichofanya ni kuiweka nyuma, kiganja juu ya kiganja, kama askari jela anayekagua sufuria ya maharagwe. Jembe likianguka miguuni mwake, haliokoti. Karatasi ikichukuliwa na upepo, anaitazama inavyokwenda zake. Watu wa kilima cha Kaptorgon, ambao hawacheleweshi jina la mtu, walimwita Mama Mikono-Nyuma, na watoto wa shule walimwiga njiani mpaka wakaangukiana matopeni.

Wageni walidhani ni maringo. Wengine walisema ana ugonjwa wa mabega. Ukweli ni kwamba mikono ile ilikuwa imefungwa na choo.

Alitoka milima ya Kisii mwaka wa hamsini na tisa, akimfuata mumewe Osoro aliyepata kazi kwenye kiwanda cha majani ya chai karibu na Kericho. Walipewa chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi, chumba ambacho ukinyoosha mguu usingizini unampiga teke jirani. Bilhah alichuma majani mpaka kucha zikawa nyeusi. Kisha zahanati ya shamba ikatafuta mwanamke anayeweza kuwagombeza watu kuhusu uchafu kwa Kikisii, kwa Kipsigis na kwa Kiswahili, na hapakuwa na haja ya kufanya mtihani: laini nzima ilimnyoshea kidole. Kipsigis alikuwa amekijifunza kwenye ugomvi wa vikapu, na lugha iliyojifunzwa kwa ugomvi haisahauliki.

Baada ya Uhuru, Osoro na yeye walinunua kipande cha shamba ng'ambo ya Kapkatet, wakapanda chai yao wenyewe, wakafuga ng'ombe wawili wenye tabia mbaya. Hapo ndipo baraza moja la makanisa lilipompa Bilhah kazi yenye jina refu kuliko mshahara: Mwalimu wa Vikundi vya Usafi wa Vijiji. Kazi ilikuja na viatu vya mpira, filimbi, na karatasi ya mtaalamu mmoja wa ng'ambo iliyosema kwamba lengo ni "kuvijengea vikundi uwezo". Uwezo wenyewe ni kitu gani, unakuja kwa gunia au kwa debe, karatasi haikusema. Filimbi pia haikuelezwa.

Kikundi chake cha kwanza kilikuwa upande wa Sigowet, na alikijenga kwa mikono yake mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Barua aliandika yeye. Kamba ya kupimia alishika yeye. Shimo likikutana na mwamba, aliyeshuka na sururu ni yeye, huku wenye kikundi wamesimama juu wakimpigia vigelegele. Vyoo tisa vilisimama wima, wageni wakaja wakapiga picha, mtaalamu akaandika kwamba uwezo umejengwa. Kisha malaria ikamlaza Bilhah miezi mitatu.

Aliporudi, kikundi kilikuwa kimekufa bila hata matanga. Hakuna aliyejua barua hutumwa wapi. Kamba ilikuwa inafungia ndama. Na vyoo? Vilikuwa nyumba pekee pale kijijini zenye mlango wa komeo, kwa hiyo watu wenye akili zao timamu walikuwa wamehifadhi mahindi ndani. Kimoja kilikuwa cha jogoo. Bilhah alipofungua mlango, jogoo alimtazama kama mtu aliyeingiliwa msalani bila hodi.

Siku hiyo, akitembea kurudi nyumbani, ndipo mikono ilipokwenda nyuma. Haikurudi mbele.

Kaptorgon kilikuwa kikundi chake cha nne. Mwenyekiti alikuwa Rebeccah, ajuza wa miaka sabini hivi, meno machache lakini yote yakifanya kazi. Kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Katibu alikuwa Sally Chepchumba, mke wa mtu, miaka ishirini na minne, aliyefika darasa la saba na mwenye mwandiko mzuri mpaka watu walimpelekea majina ya watoto ayaandike tu, wayaangalie. Wengine walikuwa akina mama thelathini wenye chai, ng'ombe, waume, na maneno.

Siku ya kwanza walimchagua Bilhah awe mwenyekiti.

"Sina mikono," akasema Bilhah.

"Mwalimu, mikono tunaiona. Iko hapo nyuma."

"Hiyo ni ya kuketi nayo. Chagueni mtu atakayekuwa hapa mimi nikifa."

Wakamtazama Kogo Rebeccah, ambaye kwa umri ndiye alikuwa karibu zaidi na kufa kuliko wote, wakamchagua kwa kishindo.

Kazi ilikuwa vyoo kumi na viwili: viwili vya kanisa, vinne vya shule, sita vya boma za wajane. Wazee wa kiume walikuja na pingamizi lao. Mzee Kipyegon, shemeji ya Kogo, alisimama akauliza, je, yeye na mke wa mwanawe wakutane kwenye njia moja, kila mmoja akijua mwenzake anakwenda kufanya nini? Heshima itabaki wapi? Bilhah alikuwa na jibu mdomoni, jibu zuri, alilolitumia kwenye kikundi cha Mulot likafanya kazi. Akalimeza.

"Kwani sasa hivi mzee unaendaga wapi?" akauliza Kogo.

"Kwenye majani ya chai."

"Upande gani?"

"Wa chini."

"Na mke wa mwanao naye anaenda upande wa chini, kwa sababu wa juu kuna barabara. Miaka minne mnakutana huko na hakuna aliyesema. Sasa tunakuwekea mlango na njia mbili zenye ua katikati, ndiyo unakumbuka heshima?"

Kipyegon aliketi. Ua wa matete ukapandwa katikati ya njia mbili, na kila mtu akasema lilikuwa wazo lake.

Kufikia mwisho wa Machi mwaka wa sabini na moja, mashimo yalikuwa tayari, magogo ya kukanyagia yamelala, kuta za fito na udongo zimesimama, milango ina bawaba za ngozi. Nje ya kila choo kulikuwa na mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo uliotobolewa tundu moja, unaning'inia kwenye mti. Ukiinamisha, maji yanachirizika mkononi. Kilichokosekana ni paa. Nyasi za kuezekea ziliisha pale Kaptorgon siku watu walipopanda chai mpaka mlangoni, na mvua ya masika ilikuwa inakuja. Ukuta wa udongo usiofunikwa, mvua hiyo huurudisha ulikotoka kwa wiki mbili, na shimo hufuata.

Na kulikuwa na Jonah.

Jonah Kiptanui alikuwa diwani, mwenye lori, tumbo na kofia ya kahawia. Aliwahi kuitazama kazi ya akina mama kwa tabasamu, kama mtu anavyotazama watoto wakipika matope. Walipofika kwenye kuta, tabasamu lilikwisha. Kwenye baraza la chifu akasimama:

"Mimi sina neno na akina mama. Lakini choo ni ujenzi, na ujenzi una kontrakta. Nimeongea na kamati ya maendeleo. Kama mwezi wa nne unaisha na vyoo havina paa, kazi inakuja kwangu, na hiki chama cha sufuria kinarudi jikoni."

"Na wewe ukikojoa unaitaga kontrakta?" sauti ya Kogo ikatoka nyuma.

Watu walicheka, lakini tarehe ilibaki ile ile. Bilhah alikwenda nyumbani na jambo moja tu kifuani. Vyoo vyenyewe vingeweza kujengwa na yeyote, hata na Jonah. Alichokitaka ni kuona, mara moja tu maishani, kikundi kinachosimama bila mtu wa kukishika kwapani. Kama hiki nacho kingeanguka, basi jogoo wa Sigowet alikuwa na haki na yeye ndiye mwenye makosa.

Mabati yalikuwepo. Kamati ya maendeleo ilikuwa nayo stoo Kericho, ya vikundi vitakavyoandika barua. Kwa hiyo Sally akaandika. Bilhah alisimama mlangoni pa kanisa, mikono nyuma, akitazama mawingu.

"Mwalimu, angalia kama iko sawa," Sally akamnyoshea karatasi.

"Mimi siangalii. Wasomee wenye chama."

Sally akasoma kwa sauti: "Kwa Afisa wa Maendeleo. Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi Chama cha Usafi Kaptorgon tumemaliza kuta. Tunaomba pati ishirini na nne za choo, pamoja na misumari ratili sita. Tafadhali fanya haraka, mvua iko karibu. Ni mimi, S. Chepchumba, katibu."

Makofi. Barua nzuri, fupi, haina machozi. Na hapa lazima jambo moja lisemwe wazi. Kwenye kilima kile, herufi b na p ni pacha ambao hata mama yao hawatofautishi. Mtu akisema pati, watu wote thelathini husikia bati. Bilhah naye alisikia bati. Miaka kumi na miwili ya kugombana kwa Kipsigis ilikuwa imeshayabatiza masikio yake. Barua ikafungwa, ikapewa dereva wa lori la maziwa.

Huko Kericho, afisa wa maendeleo alikuwa Bwana Amolo, mtu wa kutoka ziwani, mwenye suti tatu na wiki ya tano tu katika wilaya ile. Karani wake alisoma barua, akakuna kichwa. Pati ishirini na nne za choo? Watu gani hawa? Akafikiri sana, kwa kadiri karani anavyoruhusiwa, akapata jibu: ni sherehe ya kufungua vyoo, ya watu ishirini na wanne. Misumari ilimsumbua kidogo, kisha akaona, aa, ni ya turubali.

Wiki iliyofuata jibu lilifika, limepigwa taipu, lina muhuri. Sally alilisoma mbele ya chama chote, na kadiri alivyosoma sauti ilikuwa inapungua kama taa inayoishiwa mafuta.

"Ofisi imepokea kwa furaha mwaliko wenu wa pati ya watu ishirini na wanne kwa ajili ya ufunguzi wa vyoo. Afisa atafika pamoja na Mheshimiwa Diwani na wajumbe wengine ishirini na wawili siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na mbili Aprili, saa saba mchana. Kuhusu misumari ya turubali, tafadhali tumieni yenu."

Sally akaishusha karatasi.

"Wanakuja kula," akasema mama mmoja.

"Tumeomba bati wanatuletea midomo?"

"Ishirini na nne!"

Sally alikuwa ameshaichukua nakala aliyojiwekea ya barua yake, anaitazama. Akasoma neno lile mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu akaketi chini, palepale kwenye sakafu ya kanisa, akajifunika uso kwa leso. "Ni mimi. Niliandika vile tunasema. Tafuteni katibu mwingine."

Watu thelathini wakamgeukia Bilhah. "Mwalimu, wewe unajua Kiswahili cha ofisi. Nenda Kericho. Waambie."

Angeweza. Ilikuwa safari ya asubuhi moja: kupanda gari Kapkatet, kuingia ofisini, kusema maneno matatu, kurudi na mabati. Vidole vyake vilishikana huko nyuma kama watu wanaozuiana kupigana. Aliona Sigowet. Aliona jogoo.

"Barua ni ya nani?" akauliza.

Macho yote yakarudi kwa Sally, pale sakafuni.

"Mimi sikuandika barua yoyote. Nikienda nitasema nini? Kwamba chama cha Kaptorgon kina mdomo lakini kinahifadhiwa kwangu?"

"Mwalimu una roho ngumu!" Sally akalia chini ya leso.

"Ndiyo. Na wewe una mwandiko mzuri. Kila mtu na chake."

Kogo Rebeccah alikuwa ameketi na fimbo yake magotini. Alikuwa anatafuna kitu ambacho huenda hakikuwepo. Mwishowe akauliza, polepole:

"Hao watu, watakula saa ngapi?"

"Wakifika saa saba, wakisalimiana, wakiomba… saa nane," mtu akajibu.

"Na mvua siku hizi inakuja saa ngapi?"

"Saa tisa. Kila siku saa tisa, Kogo, wewe si unajua."

"Ya maji ama ya mawe?"

"Wiki hii ya mawe. Majani yangu yote yametoboka."

"Eh." Kogo akatafuna tena. "Na maharakwe, mtu akila sahani mbili, na mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, juu yake, mtu ambaye hajazoea… anakaa namna gani?"

Pale kanisani palipita sekunde moja ya utulivu mtakatifu. Kisha mtu akakoroma kwa kicheko, na wa pili, na kilichofuata hakikuwa ibada. Sally alitoa leso usoni. Bilhah alicheka hadi akayumba, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kujizuia, akaangukia ukuta wa kanisa kwa bega.

"Katibu," akasema Kogo, "usipeane kalamu. Utaongea na huyo afisa wewe mwenyewe. Mimi nitakutafutia mahali ambapo hawezi kutoka."

Alhamisi ilikuja na jua safi, jua la uongo la asubuhi ya Aprili. Lori la Jonah lilipanda kilima likiwa na wajumbe na viti, na mbele, kando ya dereva, Bwana Amolo katika suti ya kijivu. Walitembezwa kwenye vyoo, wakatazama kuta, wakagonga milango. Jonah alitazama juu, kwenye anga tupu lililo wazi, akatabasamu.

"Unaona, bwana afisa. Nilikuambia. Kuta zipo, paa hakuna. Hii kazi ilitaka mtu anayejua."

"Tutaliongea baada ya chakula," akasema Amolo, maana upepo ulikuwa umeleta harufu.

Kabla ya kuketi, walipanga foleni kwenye mkebe wa Kimbo. Sally alisimama pale na sabuni. Amolo alijimwagia maji kidogo kwa adabu, akageuka.

"Bado, bwana afisa. Tuone mikono."

"Ati?"

"Mbele. Sasa nyuma. Hapo katikati ya vidole hapajaguswa."

Wajumbe walikohoa. Amolo alirudi, akaosha katikati ya vidole.

Halafu wakala. Maharagwe mekundu yaliyolala jikoni tangu jana, kabichi, viazi vitamu, ugali wa wimbi. Mursik ilimiminwa kutoka kwenye vibuyu, nzito, ya kijivu kwa masizi, na kila kikombe kilichoisha kilijazwa kabla mwenyewe hajakiweka chini. Ikafuata chai ya maziwa. Ukikataa kikombe, Kogo alikuja mwenyewe, akisimama mbele yako na uzee wake wote, akakutazama mpaka unakunywa. Amolo alikula sahani mbili, akasifu. Jonah alikula tatu. Mtoto wa kilima, mzoefu wa mursik, lakini hakuna aliyezoea sahani tatu.

Saa tisa kasoro dakika kumi Amolo alinyamaza katikati ya sentensi. Uso wake ulionyesha kwamba anasikiliza habari kutoka mbali. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akamnong'oneza Kogo.

"Ile ya kushoto," Kogo akasema kwa sauti ya kusikika kanisa zima. "Ina ukuta mzuri sana."

Dakika mbili baadaye Jonah naye akainuka, hakuaga, akaingia kile cha kulia. Vyoo vya kanisa vilikuwa viwili chini ya anga moja, katikati ukuta wa udongo. Wingu lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye miti ya mikaratusi. Kukawa giza kidogo. Kisha Mungu akamimina gunia la kokoto.

Barafu za Kericho hazina heshima kwa cheo. Zilipiga bati la kanisa mpaka watu wakashindwa kusikiana, na zilipokatika kidogo, sauti zikasikika kutoka nje.

"Diwani! Uko hapo?"

"Niko, bwana afisa."

"Nini hii inanipiga?"

"Mvua ya mawe. Huku hizi ndizo saa zake."

"Saa zake? Yaani ulijua?"

"Mimi nilijua, bwana afisa. Tumbo ndilo halikujua."

Sally alitoka. Alikuwa amejifunika gunia lililokunjwa pembe kama kofia, kichwani mpaka kiunoni, na nakala ya barua iko kifuani isilowe. Akasimama mbele ya mlango wa kushoto, akabisha hodi.

"Nani tena?"

"Ni Sally Chepchumba, bwana afisa. Katibu. Samahani kukusumbua ukiwa kazini."

"Mama, si sasa!"

"Ni sasa. Nilikuandikia barua nikiomba pati."

"Si tumekula hiyo pati!"

"Hapana. Mliyokula ni yenu. Yangu bado. Pati yangu haipikwi. Ni ya chuma, iko na mikunjo-mikunjo, inakaa juu ya nyumba. Mvua ikiipiga inalia ta-ta-ta-ta. Kama hiyo ya kanisa, sikiliza."

Mawe yaliendelea kuanguka. Kanisani, dirishani, Bilhah alikuwa amesimama na wajumbe ishirini na wawili nyuma yake. Neno moja lingemaliza mambo. Angelipiga tu kelele, bati, jamani, anasema bati! Ulimi ulikuwa tayari. Kule nyuma kucha zilikuwa zinachimba viganja. Hakusema.

Ndani ya choo cha kushoto, sauti ikasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kwa mbali:

"Bati?"

"Hiyo hiyo," akasema Sally. "Pati."

"Ishirini na nne."

"Vyoo kumi na viwili, mbili mbili."

"Na misumari."

"Ratili sita. Si ya turubali."

Upande wa kulia Jonah aliguna, lakini haikujulikana ni kwa sababu gani.

Amolo alipotoka, suti ilikuwa imebadilika rangi na barafu zimeketi mabegani kama vyeo vya jeshi. Alitaka kukimbilia kanisani. Sally hakupisha njia. Alielekeza kwa kidevu kwenye mkebe wa Kimbo. Afisa wa maendeleo akasimama chini ya mvua ya mawe akanawa, mbele, nyuma, na katikati ya vidole.

Aliingia kanisani akitiririka maji. Hakuna aliyekaa.

"Nani," akasema, "amepanga jambo hili?"

Bilhah alisogea hatua moja, kwa mazoea ya watu wanaobeba makosa ya wengine. Kogo Rebeccah alimzuia kwa fimbo, akasimama.

"Mvua imepanga Mungu, bwana afisa. Maharakwe nimepanga mimi."

Amolo alimtazama. Midomo yake ilitetemeka, na watu wa mbele walidhani ni baridi au hasira. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha ziwani, mpaka barafu zikamdondoka mabegani. Jonah aliingia wakati huo, kofia ya kahawia imelegea kama chapati mbichi.

"Bwana afisa," akasema akihema, "watu hawa hata kuandika bati hawajui. Wapewe kazi namna gani?"

"Diwani," Amolo akafuta macho, "wewe unajua kuandika bati?"

"Najua sana."

"Umejenga vyoo vingapi?"

Jonah akatazama viatu.

"Lori lako liko hapa. Kesho asubuhi liwe stoo kwangu. Litapakia pati ishirini na nne na misumari ratili sita, na litaleta kwa katibu. Utamngoja asaini, kama anajua kusaini."

"Najua kusaini," akasema Sally. "Tena vizuri."

Walipaua kwa siku nne. Bilhah hakushika hata msumari. Alisimama chini, mikono nyuma, na siku ya mwisho mtu alipogonga bati upande usiofaa, kabla hajafumbua mdomo, wanawake wawili walikuwa wameshapanda kulirekebisha huku wakimtukana yule wa kwanza. Akageuka akaenda zake Mulot, kwenye kikundi kingine. Hakuaga sana. Hakuna aliyemkimbilia barabarani akiuliza sasa tufanye nini.

Alirudi mwaka wa sabini na sita, kwa mazishi ya Kogo Rebeccah. Mazishi makubwa, watu wametoka vilima vyote. Vyoo vilikuwa kumi na tisa sasa. Kaptorgon walikuwa wamekwenda wenyewe kufundisha vikundi vitatu ng'ambo ya mto, na Bilhah hakuwa amejua mpaka alipoambiwa na dereva wa gari. Pale kilimani choo kilikuwa kimezoeleka kuitwa pati. Baada ya chai, mchungaji mwenyewe aliinuka akasema, "Samahani, naenda pati kidogo," na hakuna aliyecheka.

Bilhah naye akaenda pati. Ilikuwa ile ya kushoto. Alikaa humo zaidi ya ilivyohitajika, akisikiliza mvua ya saa tisa ikianza juu ya bati, ta-ta-ta-ta, hakuna hata tone lililomgusa. Akatoka, moyo umejaa, mikono imerudi nyuma kwa mazoea, akaelekea kanisani.

"Wewe mama! Ngoja!"

Ilikuwa Sally Chepchumba, mwenyekiti sasa, mnene kidogo, amesimama kando ya mkebe na sabuni.

"Mwalimu au si mwalimu, hapa hapana mkubwa," akasema. "Tuone mikono."

Na Bilhah Nyambeki, mbele ya waombolezaji wa vilima vyote, akaitoa mikono mbele.